Mama Zamu Kwenye Kiti cha Jaji

Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wameshalisahau. Mtaa mzima ulimwita Mama Zamu, naye aliitika bila kinyongo, maana jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye benchi refu ukutani, viti viwili vya plastiki, kioo kilichopasuka pembeni, na beseni la kuoshea nywele lililokalishwa juu ya ndoo. Aliyeingia alikaa mwisho wa benchi, akasogea kadiri wenzake walivyopungua, na hapakuwa na njia nyingine ya kufika kwenye kiti. Dada yake wa toka nitoke aliwahi kuja na haraka ya safari, akaambiwa asogee. Bibi harusi mmoja aliletwa analia, gari linanguruma nje, na mashangazi zake wakaanza kupaza sauti. Mama Zamu akawauliza wa kwenye benchi kama wako radhi kumpisha. Wote wakakubali isipokuwa mmoja, bibi mzima aliyekuja kusukwa vimistari vya kulalia tu. Basi bibi harusi akamsubiri huyo bibi, na siku hiyo aliolewa akiwa amefungwa kitambaa.

Watu walimsifu kwa haki. Ukweli ni kwamba alikuwa mwoga. Aliogopa maneno ya watu kuliko alivyoogopa wezi, na wezi aliwaogopa sana. Akitoka nyumbani alirudi kutoka njia panda kuivuta kufuli aone kama imeshika. Akipika, alizima jiko, akaenda chumbani, akarudi kuhakikisha kwamba amezima. Mume wake alikuwa dereva wa lori, leo yuko huku, kesho kule, na kila simu yake ilimkuta mkewe ameshamzika mara mbili kichwani. Shule yenyewe aliishia darasa la saba, akaingia moja kwa moja kwenye saluni ya shangazi yake, na huko alijifunza mambo mawili: kusuka, na kuona namna wateja wanavyomchambua mtu akishatoka tu mlangoni. La pili ndilo lililomkaa zaidi.

Aliyelipia haki hiyo ni bintiye. Kitinda mimba huyo alikuwa kidato cha pili, mrefu, mkimya, mwenye macho ya kuangalia pembeni. Wiki nzima alisubiri benchi liwe tupu ndipo naye asukwe, na benchi halikuwa tupu mpaka vidole vya mama yake vimeshakufa ganzi. Watoto wa mtaa waliposhindana kukimbia, mama yake akiwa ndiye mgawa peremende, binti alifika wa kwanza na kupewa peremende wa mwisho, watu wasije wakasema. Hakulalamika. Alijifunza kusuka kwa kumtazama mama yake, hata ile siri ya kumalizia msuko kwa kuukunja ncha ndani ili usichome shingo, ambayo hakuna msusi mwingine mtaani aliyekuwa nayo, akaanza kujisuka mwenyewe.

Sasa, shule za eneo lile zilikuwa na tamasha lao la kila mwaka. Watoto walileta michoro, nyimbo, ngoma na maigizo, na wazazi walileta kelele. Mwaka uliotangulia tamasha liliishia vibaya: jaji mmoja alimpa mpwa wake alama zote kumi kabla mtoto hajapanda jukwaani. Alikuwa na haraka, alisema baadaye. Viti viliruka. Kwa hiyo mwaka huu kamati ilikaa na kutoka na mpango mpya. Wachezaji wote wangevaa barakoa za karatasi ngumu zilizotengenezwa na wanafunzi wa sanaa, na hakuna shule ambayo ingetajwa. Kila moja ingepewa rangi. Majaji wangekuwa watatu: mwalimu mstaafu wa muziki awe mwenyekiti, mpiga tarumbeta wa bendi, na mzazi mmoja asiyejua kupendelea.

Jina la huyo mzazi lilipatikana kabla swali halijaisha. Hata Mama Vioo alimuunga mkono, na Mama Vioo alikuwa na saluni ng'ambo ya barabara, yenye vioo ukuta mzima na viti vya kuzunguka, na kwa miaka hawa wawili walikuwa wakisalimiana kwa kope tu. Inasemekana alisimama kwenye kikao akasema kwamba yule mwanamke hata mamake mzazi angemwambia asogee kwenye benchi, kwa hiyo apewe kiti.

Walimu wawili walitumwa kumwomba. Walikuta wateja, wakakaa mwisho wa benchi, wakasogea kama kila mtu. Zamu yao ilipofika mmoja alikaa kwenye kiti, akaeleza shida yake kupitia kioo. Mama Zamu aliwaambia kwamba ana mtoto shuleni na kwamba mtoto huyo yumo kwenye tamasha, ila hajui anafanya nini, maana nyumbani hasemi. Walimu walifurahi. Ndiyo maana kuna barakoa, walisema. Hutamjua, na usipomjua utampendelea vipi?

Alikubali kwa sababu kukataa kungezua maneno. Kisha akaanza kuumwa na wasiwasi. Alifikiri hivi: nisipomjua, ninaweza kumpa alama nyingi kwa bahati mbaya. Akishinda, watu watasema nilimjua. Kwa hiyo njia pekee ya kutompendelea ni kumjua. Kadiri alivyolizungusha jambo hilo huku anachambua nywele za watu, ndivyo lilivyozidi kuonekana la akili. Alikata shauri kumtafuta mwanawe nyuma ya kila barakoa na, akishampata, kuwa mwangalifu naye.

Binti alipopata habari aliweka kijiko chini.

"Umekubali kuwa jaji?"

"Waliniomba, mwanangu. Ningesemaje?"

"Ungesema una mtoto."

"Nilisema."

Binti akaondoa sahani yake. Tangu siku hiyo alitoka kwenda mazoezi amejifunga kilemba mpaka kwenye nyusi, na akirudi alirudi nacho.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Michoro ilianikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Palikuwa na picha ya mwalimu mkuu mwenyeji ambayo kila aliyeitazama alimtambua mtu mwingine, na mwenyewe alisimama karibu nayo akipokea pongezi kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Kwaya ya kwanza iliimba kuhusu usafi wa mikono, ya pili kuhusu usafi wa meno, ya tatu ikabadilisha wimbo wake dakika ya mwisho ili isionekane imeiga, ikaimba wimbo ambao nusu yao hawakuujua. Mpiga tarumbeta alisinzia kwa adabu, kidevu juu, kama mtu anayesikiliza kwa makini. Mama Zamu hakusinzia. Kwa kila kwaya alipita barakoa moja moja akimtafuta bintiye, na asipomwona alishusha pumzi na kuandika alama nzuri.

Ndipo likaja shindano ambalo wote walikuwa wakilingojea, la mchezaji bora wa ngoma. Kila shule ilitoa mmoja, acheze peke yake, na atakayeshinda angeenda kwenye fainali za juu, safari ya basi, kulala huko, picha gazetini. Ngoma zilipigwa nyuma ya pazia.

Rangi nyekundu alikuwa mvulana, hakuwa na tatizo. Buluu alikuwa mfupi na mnene, naye hakuwa na tatizo. Kisha akatoka Kijani.

Alikuwa msichana mrefu. Alisimama tu, hajaanza, na ukumbi ukanyamaza wenyewe. Ngoma ilipoingia aliipokea mabegani kwanza, ikamshuka mgongoni polepole, na ilipofika miguuni watu walikuwa wameshasahau kupumua. Mpiga tarumbeta alifungua macho. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mama Zamu peke yake hakuona ngoma. Aliona nywele. Chini ya ukingo wa barakoa ilining'inia misuko, na kila msuko ulikuwa umekunjwa ncha ndani, kama mkono wake ulivyozoea kukunja. Akatazama bega: la kushoto limeshuka kidogo, kama la mwanawe. Akatazama vidole vya miguu, navyo vikawa vya mwanawe. Mtu akishataka kuona, macho hayambishii.

Roho yake iligawanyika. Upande mmoja ulitaka kusimama juu ya kiti na kupiga vigelegele. Upande wa pili ulisikia tayari maneno ya kesho kwenye benchi, benchi lake mwenyewe. Alijua kwamba mchezo ule ulistahili tisa, pengine kumi. Akaandika tano. Aliifunika karatasi kwa kiganja, akajisikia mtu mwadilifu kupita wote waliokuwa ukumbini, na alitamani kulia.

Aliyefuata ni Njano. Huyu alikuwa na nywele za kubandika zilizorundikwa juu kama kiota, kazi ya saluni kubwa, na alicheza vizuri, kwa ukali kidogo, kama anayegombana na mtu. Mama Zamu alimtazama kwa raha ya mtu aliyetua mzigo. Akampa tisa.

Alama za kila jaji ziliposomwa na kujumlishwa, Njano alikuwa wa kwanza na Kijani wa pili. Ukumbi ulipiga makofi ya kugawanyika, wengine wakiguna. Mshereheshaji akawaita wachezaji wote mbele wavue barakoa pamoja, kwa hesabu ya tatu.

Kijani alivua. Alikuwa binti wa Mama Vioo.

Njano alivua. Alikuwa binti wa Mama Zamu, anacheka meno yote nje, jambo ambalo mama yake hakuwa ameliona kwa muda mrefu.

Kwa sekunde kadhaa Mama Zamu alipiga makofi kama wengine, kwa sababu mikono haikuwa imepata habari. Halafu akaelewa lilivyokaa jambo lenyewe. Mbele ya watu wote, jaji asiyejua kupendelea alikuwa amempa mwanawe alama ya juu kuliko majaji wenzake, na kumkandamiza mtoto wa mshindani wake wa biashara. Hata yule jaji wa mwaka jana hakufika mbali hivyo. Na yeye alikuwa amefanya yote mawili kwa ajili ya haki.

Kombe halikutolewa papo hapo. Mgeni rasmi alikuwa amekwenda kutazama michoro, na ilibidi atafutwe kati ya kamba. Katika kungoja huko binti alikuja mbio mpaka meza ya majaji.

"Mama, hukunijua!"

"Sikukujua," Mama Zamu akasema, na ilikuwa kweli tupu.

Binti alimweleza kwa haraka, anahema. Alijua kwamba mama yake akimtambua atamminya, kama kwenye peremende. Kwa hiyo aliifuata saluni ya ng'ambo, akamwomba rafiki yake, binti wa Mama Vioo, amwombee kwa mamake abandikwe nywele ambazo Mama Zamu hawezi kuzijua. Naye, kwa kushukuru, akamsuka rafiki yake, misuko ya nyumbani, ile ya kukunja ndani.

"Wewe ndiye uliyemsuka?"

"Vizuri, eh? Na wewe uliniangalia kama mtu baki, ukanipa tisa." Binti aliitamka ile tisa kama mtu anayelamba asali. "Mtu baki, mama."

Akakimbia kurudi kwa wenzake.

Mama Zamu alimgeukia mwenyekiti, akamnong'oneza habari nzima. Mzee yule alisikiliza akiwa anatazama mbele, anatabasamu kwa ajili ya watu. Alimwambia, bila kuondoa tabasamu, kwamba jaji aliyepunguza alama kwa makusudi alama zake zote hufutwa, hiyo ndiyo kanuni. Zikifutwa zake, Kijani anakuwa wa kwanza. Lakini lazima jaji mwenyewe aseme kwenye kipaza sauti, maana yeye, mwenyekiti, hawezi kumsingizia mama wa watu. Akaongeza kwamba kama angekuwa yeye, angekaa kimya. Mtoto wake ameshinda, watu wataguna mpaka Jumatatu, kisha watasahau. Tena, akasema, hakuna atakayemwamini.

Mama Zamu alitazama upande wa wachezaji. Binti wa Mama Vioo alikuwa amesimama peke yake, barakoa ya kijani mkononi, anaikunjakunja pembe kama mtu anayetafuta kosa lake liko wapi. Alikuwa anajiuliza alikosea hatua gani. Jambo hilo ndilo lililomwinua Mama Zamu. Maneno ya watu aliyaogopa bado. Ila yule mtoto angekwenda nyumbani kusahihisha mchezo usio na kosa.

Alichukua kipaza sauti kwa mshereheshaji kwa mikono miwili, kama anayeshika kuku.

"Mimi nilimpunguzia Kijani," akasema. "Nilidhani ni mwanangu. Sikutaka kumpendelea. Alistahili tisa, nikampa tano. Alama zangu zifutwe."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha ukumbi mzima. Wengine waliuliza wenzao amesema nini, wakaelezwa, wakauliza tena. Mwenyekiti alisimama, akatangaza kwa sauti ya mtu aliyeshtushwa na habari mpya. Kijani wa kwanza, Njano wa pili. Mgeni rasmi alipatikana wakati huohuo, akakabidhi kombe bila kujua kwamba lilikuwa limehama, akalisifu tamasha kwa uwazi wake.

Kama alivyoonywa, wachache walimwamini. Kundi moja lilisema kwamba alimnyonga mtoto wa watu kwa wivu wa saluni, akaogopa kulogwa. Kundi la pili, kubwa zaidi, lilisema kwamba amemnyang'anya mwanawe kombe ili asifiwe, jinsi anavyopenda kujifanya malaika. Hakuna aliyesema alichokuwa akikiogopa, kwamba anapendelea.

Mama Vioo alimkuta mlangoni. Mama Zamu alianza kuomba radhi, akajikanyaga, akaanza upya. Mwenzake alimwacha amalize.

"Shoga, mimi sina neno na wewe," Mama Vioo akasema. "Mwanangu anakwenda fainali. Ila nikuulize. Angekuwa wako kweli, ile tano ingekuwa sawa?"

Mama Vioo hakungoja jibu. Alikwenda kumbeba mwanawe, mrefu kama alivyokuwa, akashindwa, wakacheka.

Walirudi nyumbani kwa miguu, binti mbele, mama nyuma. Zile nywele za kubandika zilikuwa zimeanza kulegea upande mmoja na zilitikisika kila hatua. Mama Zamu alizitazama, akaona kasoro mbili za ushonaji, akaendelea kutembea. Walipita duka la dawa, wakapita fundi wa baiskeli aliyemwita jaji na kucheka, na binti hakugeuka. Walipofika kwenye ukuta mrefu wa kiwanda, mahali pasipo na watu, akasimama.

"Mwaka kesho wakikuomba tena, ukatae."

"Nitakataa."

"Ukae na wamama wengine, upige kelele. Wenzako wanawapigia vigelegele watoto wasio wao wakidhani ni wao, na hakuna anayeumia."

"Sawa, mwanangu."

Binti akachimbachimba ukuta kwa ukucha. Hasira yake ilikuwa bado ipo, ila kulikuwa na kitu kingine alichokitaka zaidi, na ilimbidi aisogeze hasira pembeni kidogo ili akiulize.

"Ile tisa," akasema. "Ilikuwa tisa kweli?"

Mama Zamu angeweza kusema ndiyo. Hakuna jaji wala kamati iliyokuwa hapo, na mama yeyote wa kawaida angesema ndiyo bila kupepesa. Alifikiri, akamtazama mwanawe usoni, uso mtupu usiofunikwa na chochote.

"Nane ilikuwa ya kucheza kwako," akasema. "Moja ilikuwa ya furaha kwamba si wewe."

Binti alimkodolea macho. Kisha bega lake la kushoto likaanza kutikisika, na mama yake, aliyekuwa na hakika kwamba anamjua mwanawe kuliko mtu yeyote duniani, hakuweza kutambua kama analia au anacheka, mpaka aliposogea karibu na kumwangalia vizuri.